Mtoto wenu anaingia Gredi ya Tatu? Haya ndiyo mtarajie

Sisi tuliosomea 8-4-4 tulikuzwa na swali moja: "Umekuwa namba ngapi?" Uliulizwa na shosho, ukaulizwa na jirani, hata mwenye duka alikuuliza akiona umeshika ripoti. Ukiwa namba tatu, ulinunuliwa soda. Ukiwa namba arobaini, uliulizwa kama huyo namba moja ana vichwa viwili.

Kwa mtoto wa Gredi ya Tatu wa siku hizi, swali hilo halina jibu. Hakuna mtihani mkubwa wa kitaifa wa kuwanyima watu usingizi. Sare ni ile ile ya mwaka jana, pengine imefupika kidogo tu. Ndiyo maana familia nyingi huuchukulia mwaka huu kama steji ambayo matatu haisimami. Mnapita tu, macho yenu yako mbele kwa Gredi ya Sita na Sekondari Msingi.

Shida ni kwamba mambo mengi yanayomkwamisha mtoto Gredi ya Nne yalifaa kumalizwa Gredi ya Tatu. Na kwa sababu mwaka wenyewe ni wa kimya, hakuna mtu anayepiga kengele.

Nakuandikia wewe mwenye miaka ishirini na kitu. Labda mtoto ni wako, ulimpata mapema. Labda ni kitinda mimba wa nyumba yenu, au mtoto wa dada yako, na kwa sababu mathe anatoka kazini saa mbili usiku, wewe ndiye mzazi kwa vitendo hata kama jina lako haliko kwa fomu ya shule. Mimi si mwalimu, na chuo niliacha katikati. Lakini nyumbani kwetu ndio mimi niko mezani na kompyuta jioni, kwa hivyo vitabu vya mpwa wangu hupitia kwangu. Haya ndiyo mambo ambayo ningependa kila mtu aliye kwenye kiti changu ayajue.

Kwanza, yuko wapi kwenye ngazi?

Mtaala wa Umilisi, ule tumezoea kuuita CBC, ulianza kutumika kote nchini Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu. Mpangilio wake ni 2-6-3-3-3. Hiyo ni miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya Sekondari Msingi, mitatu ya Sekondari Pevu na mitatu ya chuo.

Ile sita ya msingi nayo imekatwa mara mbili. Gredi ya 1 hadi ya 3 ni ngazi ya chini, Gredi ya 4 hadi ya 6 ni ngazi ya juu. Kwa hivyo mtoto wako, ambaye ana miaka minane au tisa, yuko mwisho wa ngazi ya chini. Mwaka ukiisha anavuka.

Kwa sasa ana masomo saba: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Lugha ya Kiasili, Mazingira, Elimu ya Dini, na Shughuli za Ubunifu ambazo zimebeba sanaa, muziki na michezo pamoja. Zamani yalikuwa tisa, yakapunguzwa baada ya ripoti ya jopokazi la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu mwaka wa 2023. Kipindi kimoja ni dakika 30.

Akiingia Gredi ya Nne, masomo yanakuwa manane na kipindi kinakuwa dakika 35. Usidanganywe na hizo dakika tano. Kinachobadilika sana ni aina ya kazi. Mazingira, ambayo alikuwa anajifunza kwa kuimba na kuokota majani, linampisha Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe, na Masomo ya Jamii. Vitabu vinakuwa vinene, picha zinapungua, maandishi yanaongezeka. Mwalimu haanzi tena na "a, e, i, o, u". Anaanza na "fungueni ukurasa wa kumi na mbili msome."

Kusoma ndio mpango mzima

Kama utakumbuka kitu kimoja tu kwa haya yote, kumbuka hiki. Hadi Gredi ya Tatu, mtoto anajifunza kusoma. Kuanzia Gredi ya Nne, anatumia kusoma ili ajifunze mengine. Asiyeweza kusoma hapo hafeli Kiingereza peke yake. Anafeli sayansi kwa sababu haelewi swali. Anafeli hisabati kwa sababu swali lina hadithi ndefu ya Mama Fulani na maembe yake. Ticha anasema "huyu hesabu inamlemea", kumbe hesabu anaijua, ni maneno yamemfungia mlango.

Na si watoto wachache. Tathmini ya shirika la Usawa Agenda ya mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba ni kama wanafunzi wanne tu kati ya kumi wa Gredi ya Nne walioweza kusoma maandishi ya Kiingereza ya kiwango cha Gredi ya Tatu. Hebu fikiria hilo darasa. Zaidi ya nusu wamekaa, wamefungua vitabu, wananyamaza, na mwalimu anaendelea.

Utajuaje wako yuko upande gani? Kuna njia rahisi ambayo haikugharimu kitu. Mradi wa Tusome, ulioanza shuleni mwaka wa 2015, ulitumia vigezo vya kasi kupima watoto wa madarasa ya chini. Msomaji anayeteleza vizuri alitarajiwa kusoma sawasawa maneno 65 ya Kiingereza kwa dakika, au maneno 45 ya Kiswahili. Usishangae Kiswahili kiko chini. Neno kama "hawakutuambia" ni moja kwetu, lakini Mwingereza atahitaji maneno matano kusema kitu hicho hicho.

Basi fanya hivi. Chukua hadithi ambayo mtoto hajawahi kuisoma, kwa sababu ile ya zamani anaweza kuwa ameikariri kama wimbo. Weka saa ya simu dakika moja. Mwache asome kwa sauti. Hesabu maneno aliyosoma vizuri, yale aliyokosea usiyahesabu. Kisha funga kitabu na umuulize maswali matatu: nani alifanya nini, kwa nini, na wewe unafikiri nini kitafuata?

Akisoma kwa kasi lakini hawezi kujibu, anatamka tu, haelewi. Akijibu vizuri lakini anasoma polepole sana, anaelewa ila anahitaji mazoezi. Akishindwa na vyote, usimpigie kelele. Hiyo ni habari njema kwako kwa sababu umeijua Februari badala ya Novemba.

Mazoezi yenyewe ni dakika kumi na tano kila jioni. Yeye anasoma, wewe unasikiliza. Unaweza kuwa unakata sukuma wiki, unaweza kuwa unapiga pasi, bora masikio yawe kwake na simu iwe chini. Akikwama kwa neno, mpe muda wa kupumua mara tatu kabla ya kumtajia. Watu wengi tunawahi kumtajia kwa sababu tuna haraka, halafu tunashangaa kwa nini hajaribu mwenyewe.

Vitabu ni bei, najua. Lakini kuna tovuti ya African Storybook yenye hadithi fupi za bure kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingi za kiasili, na unaweza kuzipakua kwa simu. Ukiwa Nairobi, maktaba za Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa na shirika la Book Bunk na watoto wana nafasi yao humo. Kama uko mji mwingine, uliza tawi la karibu la maktaba ya kitaifa, KNLS. Na ukikosa kila kitu, kuna mabango ya barabarani, maandishi ya matatu, pakiti ya unga. Mtoto anayesoma kila kitu anachopita hujifunza zaidi ya mtoto aliye na kitabu kizuri ambacho hakifunguliwi.

Hesabu: mtume dukani

Mwaka huu anashughulika na namba hadi 1,000, kujumlisha na kutoa namba za tarakimu tatu, kuzidisha, kugawa, pesa, vipimo vya urefu na uzani, saa, na sehemu kama nusu, robo na thumuni, yaani moja ya nane.

Haya yote yako jikoni kwenu. Chapati ndiyo mwalimu bora wa sehemu aliyewahi kuzaliwa. Ikate mara moja ni nusu, mara mbili ni robo, kata tena ni thumuni. Muulize kama angependa robo moja au thumuni mbili. Akianza kubishana kwamba thumuni mbili ni nyingi kwa sababu vipande ni viwili, umepata pa kuanzia.

Mtume dukani na mia mbili. Maziwa sitini, mkate sitini na tano. Kabla hajatoka mlangoni akuambie chenji itakuwa ngapi. Akisema sabini na tano, aende. Akikosea, mhesabu pamoja na sarafu mezani. Kuna watoto wanaojua kuandika 200 kutoa 125 kwa daftari lakini dukani wanapokea chochote wanachopewa.

Saa nayo itawapa kazi, na hapa Kiswahili chetu kina mchango. Mshale uko kwenye nane, wewe unasema saa mbili. Kwa somo la hisabati la Kiingereza anaambiwa ni saa nane kama ilivyo kwenye mshale. Mtoto hajachanganyikiwa kwa sababu ni mzito. Amechanganyikiwa kwa sababu watu wazima wanamwambia vitu viwili tofauti kuhusu ukuta mmoja. Mweleze mara moja: sisi Waswahili tunaanza kuhesabu jua likichomoza, kwa hivyo ukitaka saa ya Kiswahili, angalia upande wa pili wa mshale. Ataipenda hiyo siri.

Na majedwali ya kuzidisha? Ndiyo, bado yapo. CBC haikuyafuta. Mwimbishe hadi kumi mara kumi mkiwa njiani kwenda shule. Akiwa na haya kichwani, Gredi ya Nne haitamtisha.

Lugha: daraja lenye shimo katikati

Hapa ndipo familia za mjini hushtukia.

Sera ya serikali inasema kwamba kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu, mtoto afundishwe kwa lugha inayozungumzwa eneo la shule. Kijijini inaweza kuwa Kikamba au Kiluo. Mjini, ambako watu wamechanganyika, huwa ni Kiswahili au Kiingereza. Kuanzia Gredi ya Nne, lugha ya kufundishia ni Kiingereza, isipokuwa kwenye somo la Kiswahili na lugha nyingine.

Sasa weka hiyo sera kwa ploti yenu. Mtoto anaongea Sheng na marafiki, Kiswahili na wewe, lugha ya mama na shosho kwenye simu, na Kiingereza cha katuni akiwa peke yake. Shule nyingi za kibinafsi zilimwanza kwa Kiingereza siku ya kwanza. Shule nyingi za umma mwalimu huchanganya ili watoto waelewe. Wote wawili watafika Gredi ya Nne na kukalia mtihani ule ule.

Kama wako ni wa kuchanganya, usianze kumkataza Kiswahili nyumbani. Hilo ni kosa ambalo wazazi wengi hufanya, wanageuza nyumba kuwa ubalozi wa Uingereza na mtoto ananyamaza kabisa. Mtoto akielewa kwa nini mizizi hunyonya maji, ameelewa sayansi. Kazi iliyobaki ni kumpa jina la pili la kitu ambacho tayari anakijua, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko kujifunza vyote viwili mara moja. Kila jioni chukua maneno matatu ya somo la Mazingira mliyoongea kwa Kiswahili, muyataje kwa Kiingereza, aandike. Maneno matatu kwa siku, siku tano kwa wiki, ni kumi na tano. Kufikia mwisho wa mwaka ana kamusi yake mwenyewe.

Lugha ya Kiasili nayo iko kwenye orodha ya masomo, na wengi wetu tuliozaliwa mjini ndiyo inayotuaibisha. Hapa usijifanye. Mpigie shosho simu, mweke kwa spika, mwache mtoto amuulize majina ya wanyama. Shosho atafurahi, mtoto atapata kazi yake, na wewe utajifunza kitu kimyakimya.

Maboksi, manila na saiba usiku

Tuje kwa ile sehemu inayofanya wazazi watukane CBC kwenye mitandao. Saa mbili usiku unaambiwa, "Ticha amesema kesho tulete chupa, boksi, na picha ya mnyama wa porini iliyochapishwa." Unakimbia saiba ya mwisho iliyo wazi na shilingi zako za nauli.

Ukweli ni kwamba kazi nyingi hizi zilikusudiwa zifanywe na vitu vilivyo karibu. Weka gunia moja nyuma ya mlango. Kila chupa, kifuniko, boksi la sabuni, kamba, kitambaa na gazeti la zamani liingie humo. Siku kazi ikija, mnafungua gunia kwanza kabla ya kufungua mfuko. Picha ya mnyama anaweza kuichora. Ikitoka kama mbuzi badala ya simba, ni sawa, ana miaka minane.

Na tafadhali usimfanyie. Najua umesomea ubunifu wa picha kwenye YouTube na ungependa kibanda cha mtoto kiwe na paa la vigae. Lakini mwalimu anayepima kazi ya mikono yako hawezi kujua mikono ya mtoto inaweza nini. Kazi yako ni kushika makasi mahali pa hatari na kuuliza, "Sasa tutafanyaje hii isimame?"

Shule ikiitisha vitu vya bei mara kwa mara, zungumza. Kwenye mkutano wa wazazi au kundi la WhatsApp, uliza kwa heshima: "Mwalimu, tunaweza kutumia nini badala yake?" Mara nyingi jibu lipo. Na ukiuliza wewe, kuna wazazi wengine watano waliokuwa wanaogopa kuuliza.

Ripoti haina namba, kwa hivyo uliza maswali

Kwenye ripoti utakuta viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Wazazi wengi wakiona "kukaribia" wanapumua. Inasikika vizuri, kama mtu aliyekaribia nyumbani. Lakini mtoto anayekaribia muhula wa kwanza, akakaribia wa pili, akakaribia wa tatu, hajafika. Amesimama barabarani.

Siku ya kuongea na mwalimu, usiulize "anaendeleaje?" Utajibiwa "anajaribu" na mtaachana hapo. Mwalimu mwenye watoto sitini mbele yake anahitaji swali linaloshikika. Uliza haya:

Je, anaweza kusoma ukurasa mzima peke yake na kueleza alichosoma?

Ni sehemu gani ya hisabati inamkwamisha zaidi?

Anakaa wapi darasani, na huuliza maswali au hunyamaza?

Kitu gani kimoja nifanye naye nyumbani kwa wiki mbili zijazo?

Hilo la mwisho ndilo dhahabu. Rudi baada ya wiki mbili useme mlichofanya. Mwalimu akiona kuna mtu nyumbani, jicho lake litamtafuta mtoto wako hata kwa darasa lililojaa.

Katika muhula wa tatu huwa kuna tathmini ya Gredi ya Tatu ambayo vifaa vyake hutoka kwa Baraza la Mitihani, KNEC, na walimu huisimamia shuleni. Haimchagulii mtoto shule na haifai kuwa sababu ya kumkosesha usingizi. Inaonyesha amefika wapi. Lakini kuanzia Gredi ya Nne, alama za tathmini za shuleni huanza kuwekwa kwenye mfumo wa KNEC, na Gredi ya Sita inamngoja KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza Novemba 2022. Mwaka huu ndio wa mwisho wa kukosea bila alama kumfuata.

Sheria iko upande wako

Mambo matatu ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yanafaa kuwa kichwani mwako. Mwanafunzi hafai kurudishwa darasa. Mwanafunzi hafai kupigwa wala kudhalilishwa. Na masomo ya ziada ya likizo yamepigwa marufuku.

Hilo la kwanza lina pande mbili. Ni zuri, kwa sababu mtoto haachwi nyuma na wenzake akiitwa mjinga. Lakini pia lina maana kwamba Januari atavuka Gredi ya Nne, awe tayari au asiwe. Hakuna mtu atakayemsimamisha mlangoni. Kwa hivyo usingoje shule ikuambie hajaiva.

Kama mmefanya mazoezi kwa miezi na herufi bado zinamruka, anachanganya b na d kila siku, anaumwa kichwa akisoma au anakaza macho kuangalia ubao, usimwite mvivu. Anza na macho na masikio kwa hospitali. Kisha uliza kuhusu kituo cha EARC cha eneo lenu, ambako watoto hufanyiwa ukaguzi wa mahitaji maalum ya masomo. Kuna watoto walioitwa wazito miaka mitatu kumbe walihitaji miwani.

Karatasi moja usiisahau

Gredi ya Tatu ndipo shule husajili mtoto kwenye mfumo wa KNEC ili apate namba ya tathmini. Hiyo namba humfuata kwenye tathmini za mbele, na jina linaloingia hapo ndilo litakaloonekana kwenye karatasi zake.

Kwa hivyo toa cheti cha kuzaliwa leo ukiangalie. Je, kipo? Jina limeandikwa vile shule wanamwita? Kuna watoto wanaoitwa jina moja shuleni, jina lingine kanisani au madrasa, na la tatu kwenye cheti. Kuna wale ambao cheti kilibaki na baba na baba hapatikani. Kama kuna kasoro, anza safari ya ofisi ya usajili mapema mwaka ungali mchanga, si siku ambayo mwalimu anapiga simu akisema mfumo unafungwa Ijumaa. Na shule ikishamsajili, omba uone yaliyoandikwa. Herufi moja ikikosewa leo ni mashahidi na foleni kesho.

Mtoto mwenyewe

Miaka minane, tisa, ni umri wa kuanza kujilinganisha. Atakuja nyumbani aseme, "Mimi sijui kusoma kama Brian." Atakuwa na rafiki wa kufa na kuzikana Jumatatu na adui mkubwa Alhamisi. Ataanza kuficha daftari. Ataanza kuuliza kwa nini nyinyi hamna gari.

Akificha daftari, usimvamie. Mtoto anayeficha kazi mbaya anajua tayari ni mbaya, anachoogopa ni uso wako. Mwambie, "Lete tuone pamoja iko wapi shida." Ukisema hivyo mara tano bila kelele, mara ya sita atalileta mwenyewe.

Ale kabla ya kulaumiwa. Mtoto mwenye njaa hasomi, anangoja. Kama yuko shule ya umma Nairobi, Dishi na County inampa chakula cha mchana kwa shilingi 5, hakikisha amesajiliwa. Na usiku alale. Simu yako ikikaa kwake hadi saa tano, usimlaumu ticha kesho akisinzia.

Mwaka kwa ufupi

Muhula wa kwanza: mpime kusoma, angalia cheti cha kuzaliwa, jitambulishe kwa mwalimu. Muhula wa pili: kazia pale alipokwama, na kama kuna jambo la macho, masikio au uelewa, lishughulikie sasa. Muhula wa tatu: mtulize kuhusu tathmini, ongeza maneno ya Kiingereza ya Mazingira, thibitisha usajili. Likizo ya Novemba na Desemba: acha acheze, lakini zile dakika kumi na tano za kusoma zisilale.

Hakuna kitu hapa kinachohitaji digrii. Kinahitaji mtu mmoja nyumbani ambaye huketi, husikiliza, na hurudi tena kesho yake. Wazazi wetu wengi walitaka kufanya hivyo, kazi ikawanyima nafasi. Wewe jioni unayo, hata kama ni fupi.

Leo usiku, kabla hujafungua TikTok, mwite. Mwambie achague hadithi. Weka saa dakika moja, usikilize.